Namna ya kuchagua vipira vya hedifoni za masikioni vinavyokaa vizuri na kutoa sauti nzuri

Hedifoni nyingi zinazolaumiwa kwamba hazina besi, au kwamba zinaumiza masikio, hazina kasoro yoyote ndani yake. Kisichofaa ni kile kipira kidogo kilichovishwa kwenye mdomo wake, yaani kile kibomba kifupi kinachotoa sauti, na ambacho ndicho kinachoingia katika tundu la sikio la msikilizaji. Madukani Darajani na Mlandege, hapa mjini Unguja, wengine hukiita raba, wengine mpira. Humu nitakiita kipira. Kukibadilisha ni kazi ya dakika moja, lakini kukichagua kunataka subira, na nimeuandika mwongozo huu kwa sababu nimewaona watu wengi wakinunua hedifoni mpya pale ambapo kipira kipya kingetosha.

Kwanza ifahamike kwa nini kitu kidogo kiasi hicho kina nguvu juu ya sauti. Spika iliyomo ndani ya hedifoni ya masikioni kwa kawaida haizidi ukubwa wa kifungo cha shati, na haina uwezo wa kutikisa hewa ya chumba. Kazi yake ni kutikisa hewa chache iliyofungwa baina yake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikifungika barabara, hata mtikiso mzito kabisa unafika. Ukibaki upenyo, japo mwembamba kama uzi, sauti nzito ndiyo inayotoroka kwanza, kwa kuwa mtikiso wake ni wa polepole na hewa hupata wasaa wa kutoka kabla ya kuisukuma ngoma. Sauti nyembamba hubaki, na msikilizaji huona muziki umekuwa mkavu na mkali. Kinachofuata ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: huongeza sauti ili aipate besi, na haipati, ila masikio yake yanaumia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hata ikifika desibeli 90 muda uliobaki ni saa 4 tu kwa wiki nzima.

Hatua ya kwanza: lijue sikio lako

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, nalo si bomba lililonyooka. Limepinda kidogo, na mlango wake aghlabu una umbo la yai kuliko la duara. Theluthi ya nje imezungukwa na gegedu, na huko ndiko ziliko nywele na tezi zinazotoa nta. Sehemu hii hustahamili kuguswa. Theluthi mbili za ndani zimezungukwa na mfupa, na ngozi iliyotanda juu ya mfupa huo ni nyembamba mno, ndiyo maana kipira kinachofika huko huuma hata kikiwa laini. Kipira kizuri hukamata katika sehemu ya nje na kuishia mwanzo wa ile ya ndani.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba masikio mawili ya mtu mmoja huweza kutofautiana kwa ukubwa. Kwa muda mrefu nilidhani spika ya kulia ya hedifoni yangu imechoka, kwa sababu upande huo ulikuwa hauna besi. Siku moja nilizivaa kinyume, ya kushoto nikaitia kulia na ya kulia kushoto, na udhaifu ukabaki kulekule katika sikio la kulia. Hapo nikajua tatizo halikuwa spika. Sikio langu la kulia linataka kipira kikubwa na la kushoto linatosheka na cha kati, na tangu siku hiyo navaa saizi mbili tofauti bila haya yoyote. Fanya jaribio hilo kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Chunguza pia hali ya masikio yenyewe. Ikiwa yana maumivu, yanatoa majimaji au yanawasha, usitie kitu chochote hadi daktari ayaangalie. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, watu wanaogelea baharini, na anayetia udhu hupangusa masikio yake kwa vidole vilivyolowa mara kadhaa kwa siku. Hakuna ubaya wowote katika hayo, ila kipira kikiwekwa mara moja juu ya sikio lenye maji hufungia unyevu ndani, na ngozi iliyolowa na kufungiwa joto ni mahali pazuri pa kuota fangasi na vijidudu. Kausha sehemu ya nje kwa kitambaa laini, kisha subiri kidogo ndipo uvae.

Hatua ya pili: pima mdomo wa hedifoni

Kipira kina vipimo viwili, na wauzaji mara nyingi hutaja kimoja tu. Kipimo cha nje ndicho kinachohusu sikio, yaani kidogo, cha kati au kikubwa. Kipimo cha ndani ni upana wa tundu linalovishwa kwenye mdomo wa hedifoni, na hicho kikikosewa hakuna saizi ya nje itakayokufaa.

Midomo mingi ina upana wa baina ya milimita 4 na 6. Zipo zenye midomo myembamba zaidi, ya takriban milimita 3, kama hedifoni nyingi za kampuni za Shure na Etymotic, na hizo hazipokei vipira vya kawaida. AirPods Pro za kampuni ya Apple, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2019, zina mdomo wa umbo la yai na kipira chake hubana kwa kishikizo cha plastiki, kwa hiyo lazima utafute kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili yake. Na ikiwa hedifoni zako ni za aina inayotua tu kwenye mlango wa sikio bila ya kipira chochote, kama AirPods za kawaida, mwongozo huu hauzihusu.

Asiye na kipimo cha fundi anaweza kutumia karatasi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya daftari, usiozidi upana wa milimita 3. Vua kipira cha zamani, uzungushe ukanda huo mara moja juu ya mdomo wa hedifoni, na utie alama kwa kalamu iliyochongoka pale ncha inapokutana na karatasi. Ukunjue juu ya rula, soma urefu, kisha ugawe kwa 3.14. Ukanda uliotoka milimita 16 unakupa mdomo wa milimita 5 na kidogo. Pima mara mbili, kwanza kwenye shingo na kisha kwenye ukingo wa mbele uliotuna, kwa sababu ukingo huo ndio unaozuia kipira kisichomoke. Kipira kifae shingo na kipite kwenye ukingo kwa kulazimishwa kidogo. Kikipita bila ya upinzani wowote, ni kipana.

Nalisisitiza hili kwa kuwa liliwahi kunifika. Nilinunua vipira vya tundu pana kwa hedifoni ya mdomo mwembamba, nikaridhika kwamba vinavalika kwa urahisi. Siku ya pili, nikishuka daladala Mwanakwerekwe, nilichomoa hedifoni na kipira kikabaki ndani ya sikio. Nilijaribu kukitoa kwa kidole, na kila nilipokigusa kilizidi kwenda mbele. Ilinibidi niende kituo cha afya, na tabibu alikitoa kwa koleo ndogo kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kukisukuma. Likikukuta hilo na huwezi kukishika ukingo wake kwa urahisi, usitumie chelewa, njiti ya kiberiti wala pini ya ushungi. Mwache mwenye vifaa na mwangaza akutolee.

Hatua ya tatu: tafuta saizi ya nje

Kwa kawaida kipira kidogo kina upana wa milimita 10 hadi 11, cha kati takriban 12, na kikubwa 13 hadi 14. Viwanda havikukubaliana kipimo kimoja, hivyo cha kati cha kiwanda hiki kinaweza kuwa sawa na kikubwa cha kiwanda kingine. Ukipata namba ya milimita iliyoandikwa, ifuate hiyo na uache herufi.

Anza na cha kati kwa masikio yote mawili. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio na ulivute taratibu juu na nyuma, kwani kufanya hivyo hunyoosha lile pindo la tundu. Tia hedifoni kwa mkono ulio karibu, ukiizungusha kidogo, kisha liachie sikio lirudi mahali pake. Sauti za nje zinapaswa kupungua papo hapo, na ukisema neno, sauti yako mwenyewe isikike nzito na ya ndani, kama mtu anayezungumza ndani ya birika la maji. Hiyo ni alama kwamba pameziba.

Kipira kikiwa kidogo kupita kiasi huingia ndani sana bila ya kukamata, na huchomoka ukitikisa kichwa. Kikiwa kikubwa kupita kiasi huleta mkandamizo baada ya dakika kumi au kumi na tano, na hapa kuna kosa ambalo watu hawalioni: kipira kikubwa mno pia huvujisha sauti, kwa sababu hujikunja na kufanya kunyanzi, na kila kunyanzi ni njia ya hewa. Kwa hiyo besi ikipungua usikimbilie saizi kubwa moja kwa moja. Jaribu juu na chini, sikio moja baada ya jingine.

Kwa anayevaa ushungi au mtandio uliobanwa kwa pini, jaribu saizi ukiwa umevaa hivyohivyo kama unavyotoka nyumbani. Kitambaa huisukuma hedifoni ndani kidogo na kuishikilia hapo, na kipira kilichokuwa sawa mbele ya kioo kichwa kikiwa wazi huanza kuuma baada ya nusu saa. Mara nyingi dawa yake ni kipira kifupi zaidi badala ya kidogo zaidi. Hedifoni yenye waya ina usumbufu mwingine, kwani waya ukisuguana na kitambaa mkwaruzo wake husikika ndani ya sikio lililoziba vizuri. Kuupitisha waya juu ya sikio na kuushusha nyuma ya shingo, ikiwa umbo la hedifoni linaruhusu, hupunguza sana mkwaruzo huo.

Hatua ya nne: chagua baina ya silikoni na sponji

Silikoni ndiyo inayokuja na hedifoni nyingi. Haifyonzi jasho, huoshwa kwa maji na sabuni, hudumu muda mrefu, na hubadilisha sauti kidogo tu. Udhaifu wake ni kwamba umbo lake halibadiliki sana, kwa hiyo sikio lenye mlango wa yai linaweza kukataa saizi zote tatu.

Sponji inayotumika hapa si ile ya kuoshea vyombo. Ni ile inayobonyea polepole na kurudi polepole. Huminywa na kuviringishwa baina ya kidole gumba na cha shahada hadi iwe nyembamba, ikatiwa sikioni, kisha ikashikiliwa kwa kidole kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka itanuke na kujaza kila pembe. Kufuata umbo la sikio ndio ubora wake mkubwa, na kelele za injini huzipunguza vizuri kuliko silikoni nyingi. Mwenye kusafiri kwa boti baina ya Unguja na Dar es Salaam, au aliyekaa karibu na injini akielekea Mkoani, ataiona tofauti hiyo waziwazi. Kwa upande wa sauti, sponji hupunguza makali ya sauti nyembamba, jambo ambalo ni faida kwa hedifoni inayochoma na ni hasara kwa ile ambayo tayari imefifia juu.

Hata hivyo, kwa matumizi ya kila siku hapa visiwani mimi huegemea silikoni, na sababu yangu ni hali ya hewa. Sponji hunywa jasho, na katika joto la kaskazi au unyevu wa masika hukauka kwa shida. Ikishakunywa jasho na mafuta ya ngozi mara nyingi hupoteza ule urejeo wake wa polepole, na baada ya miezi michache ya kuvaliwa kila siku lazima itupwe. Anayeitaka aiweke kwa ajili ya safari na kwa kusoma nyumbani, si kwa kukimbia ufukweni. Vipo pia vipira vya mchanganyiko, vyenye sponji ndani na ngozi ya silikoni nje, ambavyo hupata sehemu ya faida za kila upande.

Kama ngozi yako huwashwa na kipira fulani kilicho safi na kikavu, acha kukitumia na ujaribu cha dutu nyingine.

Hatua ya tano: angalia umbo na tundu la mbele

Ukitazama kipira kwa mbele utaona tundu ambalo sauti hupitia. Tundu pana huziacha sauti nyembamba zipite kwa uwazi. Tundu jembamba huzipunguza na kuifanya besi ionekane nzito zaidi. Urefu wa kipira nao una athari, kwani huamua umbali uliopo baina ya mdomo wa hedifoni na ngoma ya sikio, na umbali huo ukibadilika, mahali ambapo sauti nyembamba hujikweza hubadilika pia. Ndiyo maana hedifoni inayochoma kwenye herufi za “s” na “sh” huweza kutulia kwa kusogezwa milimita moja au mbili tu, na kwa hedifoni kama hiyo ningejaribu kwanza kipira chenye tundu jembamba au cha sponji kabla ya kuiacha.

Vipo vipira vyenye ukingo mmoja, na vipo vya ngazi mbili au tatu, ambavyo muuzaji mmoja aliwahi kuniambia ni “vya ghorofa”. Vya ghorofa huingia ndani zaidi na kuziba sana. Kwa mtu mwenye matundu marefu au mapana vinafaa. Kwa wengi huchosha, na vinataka kutolewa polepole ili visivute ngoma ya sikio kwa mnyonyo wa hewa.

Mwenye hedifoni zisizo na waya ana sharti moja la ziada: baada ya kuvisha vipira vipya, zirudishe ndani ya kisanduku chake na uhakikishe kifuniko kinafunga na taa ya chaji inawaka pande zote mbili. Kipira kirefu huinyanyua hedifoni, vishikizo vya chaji havigusani, na asubuhi unakuta upande mmoja umezimika. Kwa zile zenye uwezo wa kufuta kelele za nje, uzibaji mbaya hudhoofisha pia uwezo huo. Baadhi yake, zikiwemo AirPods Pro, zina jaribio la uzibaji ndani ya mipangilio ya simu. Litumie, lakini uamuzi wa mwisho uwe wa sikio.

Hatua ya sita: jaribu kwa muziki unaoujua

Chagua rekodi unayoijua kwa moyo na iliyorekodiwa vizuri. Kwangu mimi hakuna kipimo kinachopita taarabu ya ala kamili, kwa sababu ndani yake kuna besi kubwa ya kusimama, ambayo uzi wake mnene kabisa ukipigwa wazi hutoa sauti ya takriban hezi 41, yaani mitikiso 41 kwa sekunde, na kuna kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ambacho nyuzi zake za juu hung’ara kama matone ya maji. Isikilize besi kwanza. Kila nota ianze na kuisha, uweze kuifuata kwa kidole. Ikisikika kama mgongano wa mbali, panavuja. Kisha isikilize kanuni, uone kama kila mdonoo una ncha yake bila ya kuchoma. Mwisho msikilize mwimbaji, aonekane yuko katikati kabisa ya kichwa. Akiegemea upande mmoja, upande ule mwingine ndio usioziba, ila hakikisha kwanza kwamba mizani ya kushoto na kulia kwenye simu iko katikati.

Usijaribu kwa sahani za zamani. Rekodi ambazo Siti binti Saad alikwenda kuzifanya Bombay mwaka 1928 ni hazina yetu, lakini vyombo vya wakati ule vilichukua besi kidogo sana, na ukizitumia kama kipimo utaitupa hedifoni isiyo na hatia.

Baada ya muziki, utikise mwili. Zungumza, piga miayo, tafuna kipande cha kashata, panda na kushuka ngazi. Taya likienda, tundu la sikio hubadilika umbo, na kipira kinachoziba kwa mtu aliyetulia tu hakikufai. Vishindo vya miguu vitasikika kidogo, na hiyo ni kawaida ya sikio lililozibwa. Kaa navyo nusu saa nzima. Alama ninayoiamini kuliko zote ni ile ya kiwango cha sauti: kipira kikiwa sahihi, utajikuta umeshusha sauti ya simu kwa vidoti viwili au vitatu bila ya kuambiwa.

Barabarani vaa kwa hadhari. Sikio lililozibwa vizuri halisikii honi ya Vespa iliyo nyuma yako, kwa hiyo unapovuka njia au unapoendesha chombo, zitoe.

Hatua ya saba: kununua na kutunza

Nenda dukani na hedifoni yako mkononi pamoja na karatasi uliyoandika vipimo. Nilipouliza, “Ami, zipo raba za hedifoni hii?” nilijibiwa mara nyingi, “Zipo, zinaingia zote,” na jibu hilo pekee halitoshi. Omba kuvisha kimoja kwenye mdomo wa hedifoni na kukivuta; usikitie sikioni, kwa sababu za usafi na kwa heshima ya atakayekuja baada yako. Kama unaweza, nunua mfuko wenye saizi tatu au nne mchanganyiko, uzijaribu nyumbani, kisha urudi kununua jozi kadhaa za ile iliyokukubali. Chake Chake na Wete uchaguzi ni mdogo kuliko mjini Unguja, hivyo anayekwenda mjini amchukulie na mwenzake, mradi apewe milimita na si neno “ya kati”.

Vipira vya silikoni vivue mara moja kwa wiki, uvioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uvisuuze vizuri, na uviache vikauke kabisa kivulini kabla ya kuvirudisha. Sponji usiioshe kwa sabuni wala spiriti. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uiache wazi usiku kucha. Wavu wa mdomo wa hedifoni ukiziba kwa nta, upande mmoja utafifia na utadhani kipira kimeharibika. Uelekeze chini, uusugue kwa mswaki mkavu na laini, ili uchafu uanguke nje badala ya kuzama ndani. Vipira ni kama mswaki, haviazimwi.

Kipira cha silikoni kitupe kikianza kunata, kuchanika ukingoni au kulegea kwenye mdomo. Cha sponji kiminye kwa vidole na uhesabu: kikirudi mara moja kama mpira, au kisiporudi kabisa katika muda wa dakika moja, kimekwisha. Jozi moja ya akiba niweke wapi, wengi huniuliza. Mimi huiweka katika kikopo kidogo chenye kifuniko ndani ya mkoba, pamoja na kile kipande cha karatasi chenye vipimo, kwa sababu kipira hupenda kupotea siku ya safari.